Kidonge kimemezwa, dawa haijayeyuka

Griseofulvini, dawa wanayopewa watoto wenye punye za kichwani, ni nzito kuyeyuka. Mililita moja ya maji hubeba mikrogramu 10 hadi 15 tu za dawa hiyo. Piga hesabu ya kidonge cha miligramu 500: ili kiyeyuke chote kingehitaji lita 33 hadi 50 za maji. Hizo ni karibu ndoo mbili za lita 20, na pengine mbili na nusu, kwa kidonge kimoja. Mtu anayemeza dawa kwa glasi ya maji anaingiza tumboni robo lita. Dawa ambayo haikuyeyuka haipenyi ukuta wa utumbo, bali hushuka pamoja na makapi ya chakula na kutoka.

Huku Nyanda za Juu Kusini, mgonjwa asipopata nafuu neno la kwanza ni "dawa feki". Dawa bandia zipo kweli, na kuzisaka ni sehemu ya kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Lakini ipo sababu nyingine isiyotajwa sana: dawa ni halali, kipimo ni sahihi, ila haikuyeyuka. Imeingiwa na unyevu, au imepondwa ilhali haipaswi kupondwa, au imemezwa na chakula kisichoifaa. Ili kuona kosa liko wapi, inabidi kujua kwanza kiwanda kilifanya nini kuilazimisha dawa iyakubali maji.

Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza mpango wa kuzipanga dawa za kumeza katika makundi manne kwa maswali mawili. Swali la kwanza: je, dozi kubwa kabisa ya kidonge inayeyuka katika mililita 250 za maji ya nyuzi 37, kuanzia ukali wa asidi ya tumbo hadi pH 6.8 ya utumbo? La pili: je, ikishayeyuka, inapenya ukuta wa utumbo? Kundi la pili ndilo linalotuhusu, maana dawa zake hupenya vizuri lakini haziyeyuki. Humo wamo griseofulvini, kabamazepini ya kifafa, prazikwanteli ya kichocho na itrakonazoli ya fangasi. Kwa dawa hizi utumbo hauna kizuizi. Kazi yote iko kwenye kuyeyuka.

Kiasi na kasi

Kuna mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kiasi ni ukomo, yaani dawa nyingi kadiri gani maji yanaweza kubeba. Kasi ni muda unaotumika kuufikia ukomo huo. Chakula hukaa katika utumbo mwembamba kwa saa tatu au nne hivi, kwa hiyo dawa yenye ukomo wa kuridhisha lakini yenye kasi ndogo nayo inapotea.

Arthur Noyes na Willis Whitney waliieleza kasi hiyo mwaka 1897, na kanuni yao, ikiwa na nyongeza za watafiti waliofuata, bado ndiyo ramani ya kazi hii. Kasi huongezeka eneo la punje linaloguswa na maji likiongezeka. Huongezeka pia pengo kati ya ukomo wa kuyeyuka na kiasi ambacho tayari kimo majini likiwa kubwa. Hupungua pale tabaka la maji yaliyotulia kuzunguka punje linapokuwa nene. Mbinu karibu zote zinashika mojawapo ya mikono hiyo: kupanua eneo, kuinua ukomo, au vyote viwili. Tabaka la maji ni la tumbo lenyewe, na hapo mtengenezaji hana la kufanya.

Kusaga, na donge la uji

Njia ya zamani ni kusaga. Punje ya mikromita 100 ikisagwa hadi mikromita 10, uzito ule ule wa dawa unakuwa na eneo mara kumi. Griseofulvini ni mfano mzuri: iliposagwa laini zaidi, gramu 1 kwa siku iliweza kushushwa hadi nusu gramu kwa matokeo yale yale.

Tatizo linajulikana na kila anayepika uji. Mwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, utapata madonge yaliyolowa nje na makavu ndani. Dawa zisizopenda maji hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, na kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo punje zinavyoshikana na kufunga hewa katikati. Eneo ulilolipata kwenye kinu unalipoteza kwenye donge. Mpishi hukoroga unga kwenye maji baridi kwanza, na kiwanda nacho huchanganya dawa na kitu cha kuilowesha, kwa kawaida sodiamu laurili salfeti asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kidonge au polisobeti 80 kidogo zaidi au pungufu. Kusaga dawa bila kuilowesha ni kazi bure, na ndilo kosa tunaloliona mara nyingi katika majaribio ya wanafunzi.

Ukitaka kwenda chini ya mikromita moja, kinu kikavu hakitoshi. Dawa husagwa ikiwa majini, pamoja na shanga ngumu za zirkonia zenye kipenyo cha milimita 0.3 hadi 0.5 na polima (kitu chenye molekuli ndefu kama mnyororo) ya kuzuia punje zisigandane. Katika ukubwa wa nanomita mia moja na kitu, hata ukomo wa kuyeyuka huanza kupanda, si kasi peke yake. Vidonge vya sirolimasi, dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, vilitoka kwa njia hii mwaka 2000. Polima ikiwa pungufu, punje ndogo huyeyuka na kuzilisha zile kubwa, na baada ya wiki chache chupa ina mchanga.

Chumvi, na kijazio kinachogeuka adui

Dawa yenye asidi au besi hafifu inaweza kufanywa chumvi, na chumvi huyeyuka upesi. Diklofenaki sodiamu na fenitoini sodiamu ni mifano iliyomo kila duka la dawa. Ila chumvi ya dawa yenye asidi ikifika kwenye tumbo la pH 1 au 2 hurudi kuwa asidi yake isiyoyeyuka. Faida inabaki kwa sababu asidi hiyo hujitokeza kama punje ndogo mno, iwapo hazikugandana.

Fenitoini imeacha somo ambalo kila mfamasia anapaswa kulijua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametulia kwa miaka walianza kuyumba, kupata kizunguzungu na kuona maruweruwe. Dozi haikubadilika. Kilichobadilika ni kijazio cha kapsuli, yaani unga usio dawa unaoijaza: mtengenezaji alikuwa ameondoa kalsiamu salfeti na kuweka laktosi. Kijazio cha kwanza kilikuwa kinaishika fenitoini isifyonzwe yote, na madaktari walikuwa wamezipanga dozi zao juu ya upungufu huo bila kujua. Kilipoondoka, dawa yote ikaingia damuni. Kwa dawa yenye nafasi finyu kati ya kutibu na kudhuru, mgonjwa aliyetulia asibadilishiwe mtengenezaji kiholela, na ikilazimika afuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo.

Tofali zilizojengwa na tofali za lundo

Fuwele ni kama ukuta wa tofali uliojengwa kwa udongo mzuri. Kila molekuli imekaa mahali pake na imeshikwa pande zote. Maji yanayotaka kuing'oa moja yanalipa gharama kubwa. Ukizivunja safu hizo na kuziacha molekuli zimelala ovyo kama tofali za lundo, maji yanaondoka nazo kirahisi. Dawa ya namna hiyo, isiyo na fuwele, inaweza kufikia viwango majini vilivyo mara kadhaa ya ukomo wa fuwele. Lakini haitulii. Molekuli zinatafuta kurudi kwenye ukuta, na zikipata joto, unyevu au chembe moja ya fuwele ya kuanzia, zinarudi.

Ndiyo maana hufungwa ndani ya polima kama PVP, kopovidoni au HPMC, ambayo huzitenganisha molekuli za dawa na kuzinyima nafasi ya kujipanga. Sekiguchi na Obi wa Japani walifungua mlango huu mwaka 1961 kwa kuyeyusha salfathiazoli, dawa ya bakteria, pamoja na urea. Siku hizi viwanda hutumia mashine ya skrubu inayoyeyusha na kukamua mchanganyiko, au hunyunyiza mmumunyo kwenye hewa ya moto ukauke papo hapo.

Hatari ya fuwele ilionekana wazi mwaka 1998 kwa ritonaviri, dawa ya VVU ya kampuni ya Abbott. Dawa ilikuwa sokoni tangu 1996, ndipo umbo jipya la fuwele, lisilojulikana kabla na gumu zaidi kuyeyuka, likatokea ndani ya kapsuli. Kapsuli zikaanza kushindwa vipimo na zikaondolewa sokoni. Kilichofuata kinatuhusu moja kwa moja huku, ambako utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Kapsuli laini za lopinaviri na ritonaviri zilihitaji jokofu. Mwaka 2005 vikaja vidonge vilivyotengenezwa kwa kuyeyushia dawa ndani ya kopovidoni, visivyohitaji jokofu, na idadi ikashuka kutoka kapsuli sita kwa siku hadi vidonge vinne. Kwa zahanati isiyo na umeme huko Makete, mabadiliko hayo ni makubwa kuliko inavyoweza kuelezwa.

Vidonge hivyo havipondwi. Mtu angedhani kuponda kunaongeza eneo na kwa hiyo kunasaidia. Kwa watoto waliopimwa, kuponda vidonge vya lopinaviri na ritonaviri kulishusha dawa iliyoingia damuni kwa karibu nusu. Mlezi anayemhurumia mtoto akaponda dawa ili imezike kwa urahisi anampunguzia dozi bila kujua, na virusi vinapata nafasi ya kujenga usugu. Aliyeandikiwa vidonge hivi kwa mtoto asiyeweza kumeza aulize dawa ya maji au ya chenga.

Kwa anayetaka kuijaribu mbinu hii maabara, hesabu ndogo ya kuanzia ni gramu 1 ya dawa kwa gramu 3 za PVP K30. Kwa kabamazepini, tumia mililita 60 hivi za ethanoli isiyo na maji. Koroga hadi mmumunyo uwe angavu kabisa. Ukiwa na ukungu usiendelee, ongeza ethanoli, kwa kuwa chembe iliyobaki ndiyo mbegu ya fuwele zitakazoharibu kazi yote. Vukiza kwa mashine inayozunguka, nyuzi 40 hadi 45, chini ya ombwe, na usichelewe: uvukizaji wa polepole huzipa molekuli muda wa kujipanga. Kwangua, kausha saa 24 katika tanuri la ombwe la nyuzi 40, saga kwenye kinu cha mkono, pitisha kwenye chekeche ya mikromita 250, kisha hifadhi mara moja kwenye chombo chenye kikaushio.

Tengeneza pia mchanganyiko mkavu wa dawa ile ile na PVP ile ile, 1 kwa 3, uliochanganywa tu bila kuyeyushwa. Bila huo huwezi kusema kama faida imetoka kwenye kuvunjika kwa fuwele au kwenye PVP kusaidia unga kulowa. Na usiridhike na kipimo cha joto peke yake. Kilele cha kuyeyuka kwa moto kikitoweka kwenye grafu, huenda dawa imeyeyukia ndani ya polima wakati wa kupasha joto kwenye kipimo chenyewe. Mionzi ya eksirei ndiyo inayoonyesha kama fuwele zimekwisha.

Mafuta ya chakula

Dawa nyingine hazipendi maji kwa sababu zinapenda mafuta. Kwa hizo, chakula ni sehemu ya tiba. Mafuta yakifika utumboni huita nyongo, na nyongo hutengeneza vifuko vidogo vinavyobeba dawa.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ndiyo inayotumika zaidi hapa, hasa bondeni Kyela. Kila kidonge kina artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Mtu mwenye kilo 35 na zaidi humeza vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili ikiwa saa nane baada ya ya kwanza. Lumefantrini ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi hufyonzwa hadi mara 16 ya inavyofyonzwa tumbo likiwa tupu. Habari njema ni kwamba mafuta yanayohitajika ni kidogo: utafiti mmoja ulikuta gramu 1.2, zilizomo katika mililita 36 za maziwa ya soya, zinatosha kufikia asilimia 90 ya ufyonzwaji wa juu. Glasi ya maziwa ya Rungwe ina gramu nane hivi, na nusu ya parachichi la Njombe ina gramu kumi na zaidi. Mgonjwa mwenye homa asiyeweza kula ugali anaweza vijiko vichache vya parachichi. Chai ya rangi na viazi vya kuchemsha havimsaidii kitu hapo.

Albendazoli ina mambo zaidi. Mbozi na Mbeya vijijini ni maeneo ya ufugaji wa nguruwe ambako tegu wa nguruwe amethibitishwa kuwapo. Anayekula nyama isiyoiva hupata tegu wa utumboni. Anayemeza mayai yake kutoka mikono au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu hupata vifuko vya mnyoo mwilini, vikiwamo vya ubongo, vinavyoleta kifafa. Albendazoli ikitolewa kwa minyoo ya kawaida ya utumboni, kazi yake iko mle mle utumboni, na kutofyonzwa si hasara. Ikitolewa kwa vifuko vya ubongo, kwa kawaida miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa mwenye kilo 60 na zaidi, lazima iingie damuni, na mlo wenye mafuta huongeza kiwango chake hadi mara tano hivi. Kidonge ni kile kile, maelekezo ni mawili tofauti. Tiba ya ubongo hufanywa hospitalini tu, baada ya picha na pamoja na dawa za kutuliza uvimbe, kwa sababu vifuko vinavyokufa huvimbisha ubongo.

Upande wa pili yuko niklosamidi, gramu 2 kwa mara moja, inayomuua tegu wa utumboni. Haifyonzwi karibu kabisa, na hilo ndilo linaloifanya iwe salama mahali kama hapa: haivigusi vifuko vya ubongo ambavyo mgonjwa hajui kama anavyo. Prazikwanteli hufyonzwa, na inaweza kuviamsha vikaleta degedege. Kwa hiyo kuyeyuka kidogo si kasoro siku zote.

Wala mafuta hayafai kila dawa. Efavirenzi ya VVU ikimezwa na mlo wa mafuta hupanda kupita kiasi na kuzidisha ndoto mbaya na kizunguzungu. Rifampisini ya kifua kikuu humezwa tumbo likiwa tupu.

Unyevu

Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ina joto na unyevunyevu pamoja. Kabamazepini ikikaa kwenye unyevu huvuta maji ndani ya fuwele zake na kugeuka umbo lenye molekuli mbili za maji, ambalo huota kama sindano, hukifanya kidonge kigumu na huyeyuka polepole zaidi. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vidonge vilivyohifadhiwa mahali penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake. Mgonjwa wa kifafa huanguka tena, na ukipima kiasi cha dawa kidongeni unakuta miligramu 200 kamili.

Kopo la vidonge 1,000 linalofunguliwa na kufungwa mara ishirini kwa siku wakati wa masika ndilo lenye hatari zaidi. Hesabia bahasha za wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja, funga, na acha ndani kile kifuko kidogo cha kufyonza unyevu. Vidonge vilivyo kwenye foili vikatwe na foili yake, visitolewe kuwekwa kwenye karatasi. Nyumbani dawa isikae juu ya jiko wala karibu na mtungi. Dawa zilizofungwa ndani ya polima zina hofu hiyo hiyo, maana maji hulainisha polima na molekuli hupata nafasi ya kurudi kwenye fuwele.

Kwenye meza ya kipimo

Kipimo cha kuyeyuka hufanywa kwa vidonge sita, kila kimoja kwenye chungu chake cha glasi chenye mililita 900 za kimiminika, nyuzi 37 bila kupishana zaidi ya nusu nyuzi, kasia likizunguka mara 50 hadi 75 kwa dakika. Kabamazepini ya miligramu 200 katika mililita 900 ni miligramu 0.22 kwa mililita, na maji peke yake hubeba 0.1 hadi 0.2. Kwa hiyo hupimwa kwenye maji yenye asilimia 1 ya sodiamu laurili salfeti, gramu 9 kwa kila chungu. Ukihitaji kudhibiti pH tumia fosfeti ya sodiamu, kamwe si ya potasiamu: potasiamu huigandisha laurili salfeti ikawa utando mweupe, na utadhani ni dawa.

Hewa iliyomo majini ni adui mwingine. Maji ya bomba ya Mbeya mwezi Juni ni baridi, na yakipashwa hadi nyuzi 37 hutoa mapovu yanayoganda kwenye kidonge na kukiinua. Pasha maji hadi nyuzi 41, yachuje kwa ombwe kwenye chujio la mikromita 0.45, kisha endelea kukoroga chini ya ombwe dakika tano. Laurili salfeti iongezwe baadaye, la sivyo ni povu tupu. Na kumbuka mwinuko. Katika mita 1,700 kanieneo la hewa ni kilopaskali 82 hivi, si 101, na maji huchemka kwenye nyuzi 94. Mwongozo ukitaka milibari 100 halisi, geji ya pampu Mbeya itasoma takriban kilopaskali −72, wakati Dar es Salaam ingesoma −91. Fundi anayengoja −91 atangoja mpaka pampu iungue.

Tazama pia chini ya kasia. Unga ukijikusanya kama kichuguu kidogo katikati ya chungu, matokeo ya mzunguko wa 50 yatakuwa ya chini kwa sababu ya kichuguu, si ya kidonge. Rudia kwa 75 na uandike hivyo. Tupa mililita za kwanza za kila chujio, kwa kuwa chujio jipya hunyonya dawa. Kama swali ni kopo lililokaa wazi, pima vidonge sita vya kopo hilo na sita vya kopo lililofungwa la toleo lile lile, siku moja, kwenye kimiminika kimoja, ukichota sampuli dakika ya 10, 15, 30, 45 na 60. Mistari ikiachana katika dakika 15 za mwanzo na kukaribiana baadaye, kasi ndiyo iliyoharibika. Ikiachana hadi mwisho, rudi ghalani ukaangalie kopo hilo limekaa wapi tangu lifunguliwe.